Oil ilimwagika yote njiani Kimilili, vifaranga ndani ya gari, na lawama zote zikawa juu ya gasket yangu

Wakuu, mko salama? Na wadada wenye mko humu mkisoma kimya kimya bila kucomment, nawasalimu pia.

Nimeona mkibishana kama oil ikivuja ujitengenezee ama upeleke kwa fundi. Wacha niwape yaliyonipata. Sitatia chumvi, ilivyokuwa inatosha yenyewe.

Mimi naishi Kitale. Kazi yangu ni kuangua vifaranga na kuuzia wafugaji. Nilizaliwa Kiminini kwa Wakikuyu, nikaolewa na Mbukusu wa Sirisia. Barabara ya kwenda kwa wakwe naijua vizuri sana.

Gari yetu ni station wagon ya zamani. Ilikuwa inavuja oil pale juu kwa tappet cover, kile kifuniko cha juu ya engine. Oil inateremka polepole mpaka kwa exhaust, ukisimama mahali unasikia harufu ya kuungua.

Mume wangu, Baba Neema, akiona spana mkononi mwangu anakosa amani.

"Peleka kwa fundi, Mama Neema. Gari si sufuria."

Nikamwambia hiyo gasket, ule mpira wa kuziba chini ya kifuniko, naiweza. Kwetu kulikuwa na trekta, nimekua nikiona engine imefunguliwa hapo uani kila msimu wa kulima. Nikanunua gasket, nikaangalia video mpaka nikashiba, nikafungua bolt. Pale gasket inakaa nikapasugua mpaka pakang'aa. Nikarudisha nikikaza kidogo kidogo, upande huu halafu ule.

Nikawasha, nikaacha engine ipate moto, nikamulika na tochi. Kavu.

Nikatumia gari hapo mjini wiki kadhaa. Bado kavu.

(Kabla niendelee: gasket ya juu mtu mwenye subira anaweza. Lakini mambo ya kuingia chini ya gari, kama huna stand za kuishikilia, tafadhali wacha. Jack peke yake imezika watu.)

Sasa, mama mkwe wangu ako kwa chama cha wamama huko Sirisia. Walikuwa wanataka vifaranga. Walishawahi kununua kwa mtu mwingine, vifaranga wakafa karibu wote, kwa hivyo safari hii kila mtu alikuwa na wasiwasi. Mama akasimama mbele yao akasema, "Chukueni kwa mtoto wangu wa Kitale. Mimi ndio nasimama na yeye."

Yaani wakifa, aibu ni yake. Na yeye ndiye anaishi na hao wamama, si mimi.

Siku ya kupeleka tukapanga masanduku kwa kiti cha nyuma na kwa boot. Mimi naendesha, Baba Neema kando yangu. Mawingu yalikuwa yameshuka kutoka upande wa Elgon na baridi ilikuwa ile ya kuingia mifupani.

Tukapita Kamukuywa, tukakata kulia kuelekea Kimilili.

Tulikuwa tumeanza kushuka mteremko fulani wakati taa nyekundu ya oil iliwaka. Ikazima. Ikawaka tena, ikakaa.

"Hiyo ni nini?" Baba Neema akauliza.

"Oil. Inabidi tusimame."

"Hapa? Na mvua inakuja? Songa bana, Kimilili si hapo mbele. Hiyo pengine ni waya tu."

"Hiyo taa si ya kusongea."

"Mama Neema, songa! Vifaranga watakufa hapa!"

Wakati huo moshi ukaanza kutoka pembeni mwa bonnet. Nikaweka neutral, nikazima engine papo hapo.

Wakuu, msiige hiyo. Engine ikizima, usukani unakuwa mzito kama umefungwa kamba, na breki ukikanyaga mara ya pili inakuwa ngumu kama jiwe. Nyuma yangu kulikuwa na lori ya miwa inapiga honi bila kupumua. Nilivuta huo usukani na mwili mzima, mguu mmoja juu ya mwingine kwa breki, mpaka magurudumu yakaingia kwa nyasi. Lori ikapita ikituyumbisha.

Nikafungua bonnet.

Kwa chini oil imerukia kila kitu. Kwa exhaust kulikuwa na ulimi wa moto, mdogo, wa rangi ya machungwa, unatembea juu ya hiyo oil.

"Toa vifaranga!" nikapiga kelele. "Toa wote!"

Yeye akaanza kuvuta masanduku. Mimi nikachukua gunia lenye lilikuwa kwa boot, nikalizamisha kwa maji ya mtaro, nikalitupa juu ya moto na kulikandamiza. Mvuke ukanipiga usoni. Nikalizamisha tena, nikatupa tena. Nilikuwa naomba kwa sauti na sijui nilikuwa naomba kwa lugha gani.

Moto ukazima.

Nyuma yetu barabarani kulikuwa na mstari mweusi wa oil kutoka juu ya mlima mpaka mahali tumesimama. Yote ilikuwa imeisha.

Halafu mvua ikaanza.

Baba Neema alisimama hapo na sanduku mkononi, na maneno yakamtoka.

"Si nilikuambia? Si nilikuambia hiyo gasket upelekee fundi? Leo ungetuua! Kazi ya YouTube!"

Watu wa bodaboda walikuwa wameshasimama kutuangalia. Kitu kilichoniuma zaidi ni kwamba nilidhani anasema ukweli. Nilikuwa nawaza bolt moja moja, ni gani sikukaza.

Simu ikalia. Ni Mama.

"Mmefika wapi? Wamama wameketi."

"Tuko njiani, Mama. Mvua tu."

Kando ya barabara kulikuwa na boma. Mama mmoja akatoka na gunia kichwani, hata hakutuuliza majina. Alisikia tu sauti ya vifaranga.

"Hao mnawaacha wakinyeshewa? Leteni jikoni!"

Tukabeba masanduku yote mbio mpaka jikoni kwake. Akachochea moto, akapasha maji, tukajaza kwa vibuyu vya plastiki, tukafunga na leso, tukaingiza katikati ya masanduku. Kifaranga akilia kwa nguvu, ana baridi. Akinyamaza ndiyo uogope. Sanduku mbili zilikuwa zinaanza kunyamaza. Nikavua sweta yangu, nikafunika hizo.

Baba Neema akapanda boda kwenda Kimilili kutafuta oil na fundi. Hatukuagana.

Nikarudi kwa gari peke yangu na mwavuli wa yule mama. Nilitaka kuona kosa langu na macho yangu.

Nikapitisha kidole kwa tappet cover, kuzunguka yote. Kavu. Nikapitisha tena. Kavu kabisa, hata vumbi lilikuwa limekaa hapo.

Sasa oil imetoka wapi?

Nikainama kuangalia chini zaidi, kwa oil filter, ile kopo ndogo ya kuchuja oil. Ilikuwa inadondoka. Na ilikuwa mpya. Inang'aa, ya rangi tofauti.

Mimi sikuwa nimebadilisha filter.

Nikangoja ipoe, nikaifungua na kitambaa. Filter huwa na mpira wa duara wa kuziba mahali inakutana na engine. Ya zamani ikitolewa, wakati mwingine mpira wake unabaki umegandia kwa engine. Usipouangalia, ukafunga mpya juu yake, mipira inakuwa miwili. Inaweza kushika hapo mjini ukienda polepole. Ukiingia safari ndefu, pressure inasukuma mpira nje na oil yote inatoka kwa muda wa kufumba na kufumbua.

Mpira mmoja ulikuwa kwa filter, umevimba na kupasuka. Wa pili ulikuwa bado kwa engine. Nikaitoa yote miwili.

Nikampigia Baba Neema.

"Ukinunua oil, leta na filter."

"Filter ya nini?"

"Baba Neema, hii filter mpya iliwekwa na nani?"

Nilikuwa nasikia mvua ya huko kwake na mvua ya huku kwangu.

"Tutaongea nikifika," akasema.

Alifika amelowa mpaka viatu. Mafundi wa Kimilili walikataa kutoka kwa mvua. Alikuwa na oil na filter ndani ya karatasi. Akaangalia ile mipira miwili kwa kiganja changu, akaelewa bila mimi kueleza.

"Jana ulipokuwa kwa mashine za mayai," akasema, "nilipeleka gari kwa fundi Barasa. Nilitaka aangalie ile kazi yako. Akasema iko sawa, lakini ni vizuri nifanye service kabla ya safari."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Sikutaka ujue sikuamini."

Nilikuwa na maneno mengi sana. Lakini vifaranga walikuwa jikoni kwa watu na Mama alikuwa anangoja. Nikapangusa pale filter inakaa, nikapaka oil kidogo kwa mpira mpya, nikafunga filter na mkono. Yeye alinishikia mwavuli, mvua yote ikimnyeshea yeye. Tukajaza oil mpya, tukapima na dipstick.

"Washa," akasema.

Nikawasha. Taa nyekundu ikabaki imewaka.

Ikabaki.

Nilikuwa nimeshika ufunguo tayari kuzima, na ndani yangu nasema engine imekwenda. Halafu taa ikazima. Tukasikiliza kama kuna kugonga ndani. Hakuna. Baba Neema akalala kwa matope na suruali yake ya kanisa, akamulika chini na simu.

"Kavu," akasema. Akakaa hapo chini muda mrefu. "Kavu, Mama Neema."

Tukarudisha masanduku kwa gari, na Sirisia tulifika giza likianza kuingia. Wachache walikuwa wamekufa, sitawaficha. Lakini wengi walikuwa hai wanapiga kelele. Wamama walikuwa bado wameketi, na mmoja wao alikuwa ameshaanza, "Hata sisi tulijua..."

Kabla Mama ajibu, mume wangu akaenda mbele yao, na matope yake yote.

"Wamama, gari iliharibika kwa sababu yangu. Nilipeleka mahali bila kumwambia mwenyewe. Huyu ndiye alizima moto na ndiye aliitengeneza. Kama kuna mtu wa kulaumu, nilaumuni mimi."

Hapo ndipo nililia, wakuu. Siku nzima sikuwa nimelia.

Nilirudi kwa Barasa baadaye na ile mipira. Hakubishana. Alisema alipigiwa simu katikati ya kazi, akamalizia haraka. Akaomba msamaha. Bado nampelekea kazi zile siziwezi, lakini nasimama hapo mpaka mwisho, na kabla gari itoke tunawasha engine na kuangalia chini pamoja.

Mimi nilichojifunza ni hiki: swali si fundi ama wewe mwenyewe. Swali ni nani ameangalia kazi ikishaisha. Na kila mtu anayeguswa na hiyo gari ajue kilichofanywa, hata kama ni bibi yako na unaogopa kumuumiza. Na taa ya oil ikiwaka, simama. Usibishane na mtu, simama.

Haya, uwanja ni wenu. Wenye mmewahi kumwagikiwa oil safarini, mlifanyaje? Na mafundi mlio humu, nikosoeni pale nimekosea, mimi hapa nasoma yote.