Waya wa Kamera na Leso za Mama

Kamera niliinunua kwa sababu ya leso. Hapa kwetu Likoni, mama alikuwa akianika asubuhi, ikifika adhuhuri kamba i tupu. Basi nikatafuta kamera inayopata umeme na kupeleka picha kwa waya mmoja. Waya nikautoa sebuleni, nikaukatiza uani hadi ukuta wa pili.

Wiki haikuisha, kamera ikazima. Fundi aliukata ule waya, akaukwaruza kwa kisu, akacheka. "Hii ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Ikivutwa kidogo, inakatika ndani kwa ndani."

Nikanunua wa shaba tupu, ule wa bei ya kuumiza. Kamera ikawaka, nikashukuru Mungu, ikazima. Nikabadilisha vile vichwa vya plastiki kwenye ncha zote mbili. Ikazima! Nikailaumu chumvi ya bahari, nikamlaumu fundi, wallahi nikailaumu hata mvua ambayo haikuwa imenyesha.

Ijumaa moja nilirudi kutoka msikitini nikapitia uani. Juu ya waya wangu zilining'inia leso, shuka na kanzu yangu mwenyewe, zote zikichuruzika maji. Waya ulikuwa umelegea karibu uguse mchanga, na ncha yake imechomoka kwenye kamera.

"Mama! Kamba si ile pale?"

"Pale ndipo wanapoiba, mwanangu," akanijibu, huku akiongeza leso nyingine. "Hapa mwizi akija, kamera itamwona."