Waliomshika Générose

Générose alipiga pasi nguo za makarani wa reli mjini Albertville, kama Kalemie ilivyoitwa bado mwaka wa 1963. Alikuwa mcheshi, lakini hakuna aliyethubutu kumkamata mikono, hata kwa mzaha. Siku ya harusi yake shangazi alimshika mikono yote miwili ili amvishe bangili. Bibi harusi akapiga ukelele mpaka ngoma zikakoma. Mumewe Casimir, fundi wa reli, alijifunza kumwita kabla ya kumgusa. Sababu Générose mwenyewe hakuijua. Alikuwa na kovu refu tumboni, na kila alipouliza, mama yake, Mama Louise, alijibu tu, "Uliugua ukiwa muchanga."

Mwezi wa Februari mtoto wa Générose, Florent, wa miezi saba, aliota jipu nyuma ya sikio. Homa ilipopanda, Générose, Casimir na Mama Louise wakampeleka dispansari.

"Lazima kupasua," mganga alisema. "Mama, mushike sana, asitikisike."

Harufu ya spiriti ikampanda Générose puani. Akamsukumia Casimir mtoto, akatoka mbio, na kilio cha Florent kikamfuata mpaka relini.

Mama Louise alimkuta ameketi kwenye mataruma ya reli.

"Njo vile na weye ulikuwa unalia, sawa Florent," alisema. "Ulikuwa na siku makumi ine. Tumbo lilijifunga. Walikufunga kwa ubao, wakakupasua bila dawa ya usingizi. Walisema mutoto muchanga hasikii maumivu, hatakumbuka."

"Nani alinishika?"

Mama Louise alitazama viganja vyake. "Miye."

Siku mbili Générose hakusema naye. Siku ya tatu jipu likajaa tena.

"Nitamshika mwenyewe," alimwambia Casimir.

Kule dispansari alimlaza Florent kifuani pake, akamwimbia sikioni huku jasho likimtiririka. Kisu kilipoingia, mtoto alilia kwa nguvu. Halafu akanyamaza ghafla, macho wazi yakielekea dari.

"Mutoto muzuri huyu," mganga alisema. "Amezoea."

Mlangoni, Mama Louise alijifunika mdomo. Générose aliita jina la mwanawe, akaita tena. Florent alikuwa akipumua, lakini hakugeuza macho.

Kidonda kilifunga kabla ya Pasaka. Mtoto alinenepa, akatambaa, akasimama. Alianguka mara nyingi, na mara moja aliungua kwa pasi. Mwaka ule wote hakulia tena.