Siku Jannat Alipompakata Mtawala wa Württemberg

Jannat aliletwa Houston na ndoa. Mumewe Shuaib, dereva wa teksi, alitangulia. Yeye akafuata kutoka Mombasa na binti yao Yumna, pamoja na cherehani aliyokataa katakata kuiacha. Katika fleti yao mtaani Sharpstown aliwashonea majirani mabuibui na mapazia. Kiingereza alikielewa, ila kukisema mbele za watu kulimshinda. Kwenye mikutano ya shule alikaa kiti cha nyuma kabisa, akitabasamu tu.

Mwaka 2000, darasa la Yumna likaandaa mchezo kuhusu watawala wa kale. Yumna akapewa Eberhard, aliyetawala Württemberg, huko Ujerumani, karne ya kumi na tano.

"Alikuwa mtu wa namna gani?" Jannat aliuliza huku akimpima mabega. "Nataka nishone nikimjua."

Yumna akaeleza. Eberhard alifiwa na babake angali mdogo, akashika utawala akiwa kijana wa miaka kumi na minne. Mwanzoni alipenda anasa. Baadaye akaenda kuhiji Yerusalemu, akafuga ndevu ndefu.

"Kumbe haji!" Jannat akacheka.

"Mama, he was Christian!"

"Kwani Wakristo hawahiji? Simama wima."

Nchi yake ilikuwa imegawanywa baina ya ndugu. Akaiunganisha kwa mapatano. Akaanzisha chuo kikuu, ingawa mwenyewe hakufundishwa Kilatini, lugha ya wasomi.

Utepe wa kupimia ukasimama. "Hakuijua lugha yao, na bado akawajengea chuo?"

"Ndiyo, Mama."

Jannat akaenda kabatini, akatoa mahameli ya buluu aliyojiwekea kwa ajili ya Idi, akaikata joho.

Siku ya mchezo ukumbi ulijaa. Jukwaani watawala wengine wakajisifu: huyu kwa migodi ya fedha, yule kwa miji. Eberhard, kama wasimulizi wanavyopenda kusema, akajibu kwamba nchi yake ni maskini, lakini angeweza kulala msituni, kichwa kwenye mapaja ya raia wake yeyote, asiogope.

Hapo alitakiwa atokee raia. Lakini msichana mwenye sehemu hiyo alikuwa ameamka na homa, na hakuna aliyekumbuka kumtafuta mwingine. Yumna akababaika, akaangaza macho ukumbini.

"Mama! Njoo, tafadhali!"

Jannat akainuka. Akapanda jukwaani, akaketi, na mtawala akajilaza mapajani mwake. Ndevu za sufi zikabanduka. Jannat akazibandika upya, akazipapasa, kisha akasema kwa Kiingereza, sauti ikafika hadi mlangoni: "Lala, bwana wangu. Hapa hakuna wa kukudhuru."

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na makofi. Shuaib alicheka hadi akajifuta machozi.

Mwalimu akamwomba awafundishe watoto kushona maleba, na kila mwaka akarudi. Alikosea maneno, akajicheka, akaendelea kuongea. Mpaka Yumna anaingia chuo kikuu, nusu ya watoto wa Sharpstown walijua kupiga bandi, ule mshono wa kushikiza kitambaa, na walimwita Mama Jannat.