Nusu ya Wimbo Mlangoni

Baba yangu alipenda muziki wa kantri kuliko muziki wowote, na Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji. Kaseti yake alipewa na dereva wa lori kutoka Kenya, kule Bukavu, kabla ya vita. Majirani walicheza rumba. Sisi tulilelewa na magitaa yanayolia na mwanamume anayelalamika puani. Baba alitutafsiria bila aibu: huyu kafiwa na mbwa, huyu kakimbiwa na mke, huyu lori lake limeharibika, na huyu wa lori ndiye mwenye uchungu zaidi.

Vita vilipofika, wanajeshi walichukua redio. Kaseti wakaiacha, kwa hiyo baba akabaki na mluzi wake. Wimbo mmoja wa ile kaseti akaufanya ufunguo wa nyumba. Akirudi jioni alipiga nusu ya kwanza, akanyamaza, nasi tukafungua. Akiupiga mpaka mwisho, maana yake hayuko peke yake: tusifungue, tutokee nyuma. Alitufundisha kama mchezo, huku akicheka.

Jioni moja aliupiga mpaka mwisho. Taratibu, bila kukosea popote. Maman, yaani mama yetu, alituziba midomo, tukatokea jikoni, tukapita kwenye migomba ya jirani. Baba hatukumwona tena, si mzima wala maiti.

Leo maman anaishi peke yake Koekelberg, hapa Bruxelles, Ubelgiji, ghorofa ya pili, dirisha la jikoni likitazama kuba la Basilika. Mimi nahudumia wazee katika nyumba moja kule Ixelles, na nikitoka kazini napita soko la Flagey kumnunulia mboga, kisha naenda kwake. Tunaongea yote, ila jambo moja lilikuwa haliongeleki: matanga ya baba. Hatukuwahi kumfanyia. Ndugu zangu walishaomba, padiri alishakubali kusoma misa, kina mama wa kwaya walishajitolea kupika. Maman alikuwa na jibu moja tu.

"Muntu mwenye nilisikia na masikio yangu anapiga muluzi, mutamulilia namna gani?"

Jibu hilo lilinichosha. Siku moja nilimkasirikia nikamwambia anatufanya mayatima nusunusu.

Kisha, majira ya baridi yaliyopita, alasiri moja niliyotoka kazini mapema, nikiwa jikoni kwake namenya viazi, nikausikia ule wimbo kwenye ngazi za jengo.

Sikuwa nimeusikia tangu utotoni. Nusu ya kwanza ikapanda polepole pamoja na nyayo za mtu, ikafika mbele ya mlango wetu, ikatulia kidogo. Halafu ikaja nusu ya pili, mpaka mwisho. Kisu kikanitoka mkononi. Nikamkuta maman kwenye korido, uso umemkauka.

"Umesikia?" akaninong'oneza. "Kila siku njo vile. Hayuko peke yake. Usifungue."

"Maman, hapa ni Bruxelles."

"Donc? Bruxelles hakuna bantu wabaya?"

Nywele zilinisimama, siwezi kudanganya. Na kwa kuwa mimi nikiogopa hugeuka mkali, siku iliyofuata nilimvizia mwenye mluzi huo chini, kwenye masanduku ya barua, ili nimgombeze.

Alikuwa mzee wa Kibelgiji wa ghorofa ya tatu, mkate kwapani. Hakuudhika. Alisema wimbo ule alifundishwa akiwa mtoto mdogo, mwishoni mwa vita vyao, na askari Mmarekani aliyepewa malazi kwa wazazi wake. Jioni askari yule alikuwa akipiga gitaa jikoni. Kisha akapelekwa kwenye mapigano ya Ardennes, na hakurudi.

"Kwa hiyo najua nusu tu," akasema. "Maisha yangu yote nimejua nusu. Nashukuru kwamba kwenu kuna mtu wa kunimalizia."

Nikamuuliza mtu gani.

"Huyo aliye nyuma ya mlango. Mimi husimama hapo kuvuta pumzi, naye humalizia."

Sikuwa nimewahi kumsikia maman akipiga mluzi. Sisi wasichana alitukataza kabisa, akisema tutaita nyoka ndani ya nyumba. Nilipanda zile ngazi.

Kesho yake sikukaa jikoni. Nilijibanza kwenye mlango wa chumba cha kulala nikasubiri. Nyayo zilipoanza kupanda, maman alitoka sebuleni, akaja akaegemeza paji la uso kwenye mbao za mlango, akafumba macho. Nusu ya kwanza ikafika, ikanyamaza. Ndipo midomo yake ikachongoka, akamalizia. Ulikuwa mluzi wa baba hasa, pamoja na ile sauti ndogo ya kushuka aliyopenda kuiongeza mwishoni, ambayo kwenye kaseti haimo.

"Maman, ni wewe."

"Mimi?" Akanigeukia kwa mshangao. "Mimi sijuake kupiga muluzi."

Hakuwa akidanganya. Nilimkalisha, nikamweleza maneno ya mzee. Nikamwambia na lile lililokuwa limenijia, kwamba huumalizia kwa sababu wimbo ukiishia nusu itabidi afungue, na akifungua hatamkuta baba. Alikuwa akinyoosha kitenge chake mapajani, akikinyoosha tena na tena.

Jumamosi nyayo ziliposikika, alisimama mwenyewe. Alikwenda mlangoni, akakunja ncha ya kitenge, akaiuma kwa meno. Wimbo ukapanda, ukafika nusu, ukanyamaza. Kimya kile nilikiogopa kuliko mluzi wenyewe. Kisha akashika kitasa, akafungua.

Mzee alikuwa ameegemea ukuta, anahema. Akasema bonsoir. Kitenge kikamdondoka maman mdomoni, akamwitikia kwa heshima, lakini macho yake yalimpita yule mzee, yakashuka ngazi mpaka chini, yakangoja. Mzee akaendelea kupanda, mlango wake ukafungwa huko juu. Taa ya ngazi ikajizima yenyewe. Maman akaiwasha, akatazama tena. Ikajizima tena.

"Alors, alikufaka," akasema gizani.

Akarudi ndani, akaketi, akaniambia nimpigie padiri simu.