Mwezeshaji Aliyeapa Kunyamaza

Nimezunguka na mwezeshaji mmoja wa vijana katika maktaba, klabu ya ndondi na ukumbi wa kanisa, na kote huanza na maneno yaleyale: "Hapa hakuna mwalimu, sote tunajifunza." Kisha huongea saa nzima. Viti huvipanga duara mwenyewe, akivisukuma kwa goti kama anayeswaga mbuzi, na kifuniko cha kalamu hukitafuna mpaka midomo iwe ya bluu. Kijana akisitasita tu, yeye humalizia sentensi. Juzi tulikuwa kituo cha zimamoto, na binti mmoja aliyemaliza mwaka mzima bila kufungua kinywa alikuwa amekubali kuwaongoza wenzake kwa mara ya kwanza. Mwezeshaji akaapa kuwa bubu. Binti akaanza vizuri, halafu akakwama. Mwezeshaji akakohoa, akainuka nusu, kidole kimeshatangulia hewani. "Labda anachotaka kusema mwenzenu..."

"Mjomba," binti akamkata, "hebu tupishe kidogo."

"Mimi?"

"Kwani kuna mjomba mwingine humu?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mwezeshaji akatoka. Nilipomfuata nilimkuta koridoni, kati ya mipira ya kuzimia moto, ameinama, sikio ameligandisha mlangoni. Ndani binti alikuwa anaongea, tena kwa sauti ya kuamrisha.

"Wamekufukuza, kaka?" nikamwuliza.

"Hatimaye," akanong'ona. "Sasa nyamaza, sisikii."