Macho Yatazoea: Koti Langu na Anga la Mirihi

Jamani, kuna aibu mtu anazeeka nayo, na hii yangu niliipata msibani, mbele ya jeneza, kwa hiyo chekeni lakini msiipeleke mbali.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, Kigoma imefurika watu kutoka ng'ambo, na mimi mwalimu wa sayansi, mtu wa Singida, nimepangiwa shule ya Bangwe, nimempenda Neema, binti wa palepale, posa nimeshapeleka na nasubiri jibu la baba yake mkubwa, msemaji wa ukoo. Katikati ya kusubiri, babu yake Neema akafariki. Neema akanitumia ujumbe: njoo na koti jeusi, utabeba jeneza pamoja na wajukuu (na heshima hiyo, mjue, hapewi mtu wasiyemtaka).

Koti sina! Nikakimbilia mitumbani, vibanda vyote vimefunikwa maturubai ya buluu ya wakimbizi, ukiingia ndani hata meno ya muuzaji unayaona ya buluu, ndiyo maana kila mnunuzi pale hutoka na nguo juani kwanza aikague.

"Mwalimu, toka nalo nje ulione," akaniambia mama wa Kirundi aliyekuwa akiuza.

"Ah, mama, jeusi ni jeusi, nimechelewa, funga!"

Akalifunga kwenye gazeti. Nikafika msibani, wanaume wameketi chini ya turubai lilelile la buluu, nikalivaa humohumo, nikakaa naitikia pambio muda mrefu na hakuna aliyeshtuka, maana humo ndani lilikuwa jeusi kama makoti ya wenzangu. Tulipoitwa kubeba nikatoka juani, nikajitazama. Koti jekundu! Jekundu la pilipili iliyoiva!

Hapo mwenye akili anavua. Mimi akili zikanipeleka Mirihi. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimewafundisha watoto kwamba kwenye sayari hiyo anga la mchana lina rangi ya vumbi, jua likizama linazungukwa na ubuluu, na kwamba macho yakizoea mwanga wa rangi moja, ukitoka yanakudanganya kwa muda. Nikajiambia, tulia Mwalimu, umekaa kwenye buluu mno, macho yatazoea. (Sasa mbona makoti ya wenzangu yalibaki meusi? Hilo nalo nikalitafutia sayansi yake, sikuipata, nikashika jeneza hivyohivyo, tena mbele.)

Kwaya ikakatika. Bibi mmoja akasema, "Yooo!" Baba mkubwa akanijia taratibu.

"Kijana, kwenu Singida ndivyo mnavyozika?"

"Shikamoo baba. Ni macho tu, yatazoea."

"Ya nani? Yako au yetu?"

Akamwita binamu yake Neema ashike nafasi yangu, msafara ukaondoka, nikabaki katikati ya njia, sijui nifuate, sijui nirudi, sijui hata kama koti ni jekundu kweli. Nikamuuliza mzee mmoja aliyekuwa anapita, "Samahani mzee, hili koti ni rangi gani?" Akanitazama, akavuka upande wa pili wa njia.

Matanga yalipoanuliwa, mshenga wangu akarudi kichwa chini. Posa imekataliwa. Wamesema, mtu asiyeamini macho yake mwenyewe, mkewe atamwamini lini?

Nimeapa mambo ya Mirihi yaishie ubaoni, nikiwa kwa watu na jambo likionekana jekundu, ni jekundu, basi. Lakini kilichoniua hasa ni maneno ya Neema, nilipokutana naye baadaye pale Kigoma mjini, kumbe pete ya mtu mwingine keshavaa.

"Ningekutetea," akasema. "Nilikukonyeza kutoka kwa akina mama, nikakukonyeza tena, ili uvue lile koti. Na wewe, mbele ya jeneza la babu yangu, baba mkubwa anakuangalia, ukanikonyeza na kutabasamu."