Fulana Mbili, Kadi Moja

Naanza na lenyewe kabla sijaghairi: nilimwonea mtu. Nilimwonea mchana kweupe, filimbi mdomoni, kitabu cha sheria kikiwa upande wangu. Usinihurumie mapema, nisikilize kwanza.

Mimi ni refa wa ndondo, hizi mechi za mitaani na vijijini. Kazi inayonilisha ni ya ofisi hapa Kibaha, makaratasi na mihuri. Filimbi ni ya Jumamosi na Jumapili jioni. Jumapili asubuhi niko kanisani, usharika wa Kilutheri, ambako mimi ni mzee wa kanisa. Nayataja yote matatu kwa sababu yote yamo ndani ya kosa langu.

Mshika kibendera wangu kwa miaka tisa alikuwa Athumani, mwenyeji wa Kisarawe, Muislamu ambaye swala haimpiti. Kabla ya kila mechi tulikuwa tunasimama katikati ya uwanja, mimi naomba yangu, yeye anasoma dua yake, halafu anasema, "Haya mzee wa kanisa, twende tukatukanwe." Tukicheka hapo, mechi imeanza vizuri. Siku hizi naomba peke yangu.

Sasa sikia ilivyokuwa.

Kulikuwa na kombe la vijana la wilaya mbili, Kibaha na Kisarawe. Robo fainali moja ilichezwa hapa Kibaha, nikachezesha mimi. Kijana mmoja wa kwaya ya usharika wetu, nimwite Gideoni, akafunga bao. Akaivuta jezi ikamfunika kichwa, akakimbia hivyo hivyo nusu uwanja. Fulana yake ya ndani ilikuwa na maandishi: YESU NI BWANA.

Sheria iko wazi. Mchezaji akivua jezi au akijifunika nayo kichwa anaposhangilia, kadi ya njano. Na fulana ya ndani ikiwa na maneno ya dini, ya siasa au yake binafsi, refa aandike kwenye ripoti. Haisemi dini ya nani. Athumani alinyoosha kibendera kunikumbusha. Nikamwashiria ashushe, nikajifanya naangalia saa. Moyoni, nisikudanganye, nilisema amina.

Ripoti yangu ya siku ile ilisema mechi ilikuwa shwari. Kesho yake kanisani mama mmoja aliyevaa kitenge alinishika mkono akaniambia Mungu akubariki kwa kumwachia mtoto aitangaze injili. Nikatembea kifua mbele mpaka nyumbani.

Wiki iliyofuata ikawa nusu fainali, Kisarawe, upande wa Kibuta. Uwanja umejaa. Upande mmoja wamefunga turubai, chini yake viti vya plastiki, meza yenye kitambaa na mgeni rasmi. Cheo chake sikitaji. Ni mheshimiwa aliyetoa mipira na jezi, na ni mtu anayefahamiana na wakubwa zangu wa kazi. Nilipoenda kumsalimia kabla ya mechi alinitaja kwa jina la ofisi yangu. Hapo hapo nikajua ananijua.

Timu ya wageni ilitoka ndani huko, njia ya kuelekea Chole. Mshambuliaji wao nimwite Shabani. Ana miaka ishirini na tatu, mrefu, mpole, mguu wa kushoto mzuri kuliko yeyote niliyewahi kumchezesha. Watu wote uwanjani walijua kwamba timu moja ya Dar, ya daraja la juu, imemwita kwa majaribio. Ilibaki barua tu ya chama cha wilaya kumruhusu aende.

Kipindi cha kwanza nilimpa njano kwa kumkata mtu. Ile ilikuwa haki yake, hata yeye aliniomba radhi. Kipindi cha pili, mechi ikiwa sare, akafunga bao ambalo hata mimi nilitaka kulipigia makofi.

Akaivuta jezi ikafunika kichwa. Fulana yake ya ndani ilikuwa nyeupe, imeandikwa kwa kalamu nene nyeusi, herufi hazijanyooka: MAJI LINI?

Hakumtukana mtu. Alikwenda mbele ya turubai, akasimama, akaunganisha viganja kama mtu anayeomba. Basi. Uwanja ukalipuka kwa vicheko, kina mama wakapiga vigelegele. Kijijini kwao, nilikuja kujua baadaye, bomba lilishachimbiwa, koki zimewekwa, ila maji hayajawahi kutoka.

Mimi sikucheka. Niliona ofisi yangu, nikaona barua ya uhamisho, nikaona wakubwa wananiita niketi nieleze. Nikakimbia mpaka kwake, njano ya pili, halafu nyekundu.

Naomba unielewe hapa, maana hapa ndipo uovu wangu ulipopata pa kujificha. Kadi ilikuwa halali. Ukifungua kitabu utaikuta. Kwa hiyo waliponizomea nilijiambia mimi ni mtu wa sheria, hawa hawajui.

Shabani aliniangalia tu. Akauliza taratibu, "Refa, kwa ajili ya jezi au kwa ajili ya maneno?" Nikamwonyesha mstari, nikamwambia toka.

Wakabaki kumi, wakafungwa mbili. Mgeni rasmi alikuwa amepangiwa kuongea mwishoni, lakini zomea zomea ilikuwa kubwa, akapanda gari akaondoka.

Tukiwa tunavua viatu nyuma ya madarasa ya shule, Athumani akaniuliza, "Na yule wa Kibaha?"

"Yule ilikuwa dini, bwana. Huyu ni siasa."

"Kitabu kinataja vyote viwili. Tena vimefuatana."

"Athumani, nimechoka. Tuongee kesho."

Kesho yake nikaandika ripoti kabla hatujaongea. Na hapo ndipo nilipomuua kijana wa watu. Ningeweza kuandika kwamba mchezaji alionyesha fulana yenye maandishi, nikanukuu maneno mawili yale, nikaishia hapo. Mimi nikaandika: alionyesha ujumbe wa uchochezi dhidi ya kiongozi. Neno uchochezi nililipata wapi? Hakuna aliyeniambia niliandike. Hakuna aliyenipigia simu. Nilijikomba mwenyewe, kwa mtu ambaye hata hakuniomba.

Kamati ya nidhamu ilikaa kwenye darasa, sisi tumekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Mwenyekiti, mzee mmoja mstaafu, alisoma ripoti yangu mara mbili. Halafu akaniuliza, "Mwamuzi, katika mechi zako nyingine za kombe hili, kuna mchezaji mwingine alionyesha maandishi ya namna hii?"

Swali jepesi. Ningesema ndiyo, na nilikosea kumwachia. Basi, ningekemewa kidogo, Shabani angepewa adhabu ya mechi moja, sote tungekwenda nyumbani.

"Hapana, mwenyekiti."

Athumani alikuwa dawati la pembeni yangu. Nilimsikia anavuta pumzi. Nikasubiri aseme. Hakusema.

Shabani alifungiwa mwaka mzima. Barua ya kumruhusu haikuandikwa, maana nani atasaini barua ya mtu mwenye uchochezi kwenye faili? Siku ya majaribio Dar ikaja, ikapita. Gideoni alicheza fainali, akafunga, akashangilia vile vile. Safari hiyo refa alikuwa mwingine, akampa njano bila kufikiri, na dunia haikuisha.

Tulipotoka kwenye darasa lile nilimfuata Athumani kwenye baiskeli yake. Badala ya kumshukuru nikamlaumu, ona nilivyo! Nikamwambia, "Kama uliona nakosea, mbona hukusema?"

Alifunga begi lake kwenye kiti cha nyuma, polepole, hakunitazama. Akasema, "Ningesemaje? Athumani asimame mbele ya watu aseme refa Mkristo alimwachia Mkristo, akamtoa Shabani? Kesho mngeambiwa Athumani analeta udini uwanjani. Lile neno lilikuwa lako wewe. Mwenye kulisema bila kuvuruga watu ulikuwa wewe peke yako, na ukalimeza."

Halafu akaniambia ametubu kwa kunyamaza kwake, na kwamba hatashika tena kibendera nikiwa na filimbi. Miaka tisa ikaishia pale kwenye baiskeli.

Na kweli udini ukaja bila yeye kuuleta. Vijana walikuwa na picha za Gideoni kwenye simu, na za Shabani pia. Wakaziweka pamoja, zikazunguka kwenye magrupu. Mmoja akaandika refa wa kanisa, mwingine akajibu matusi, vijana waliokuwa wakichangia jezi wakaanza kuulizana nani ni nani. Kombe halikurudi tena. Mimi nikajitoa kwenye grupu kimya kimya, mkuki kwa nguruwe.

Miezi kadhaa baadaye yule mheshimiwa alikuja ofisini kwetu kwa shughuli zake. Nikainuka, nikamwamkia. Alinikumbuka.

"Refa! Hivi yule kijana wa maji ulimtoa kwa nini?"

Nikasema sheria, mheshimiwa.

"Aa, ungemwacha. Mimi nilishajiandaa kumjibu kwenye kipaza sauti, mhandisi nilikuwa naye pale pale kwenye turubai. Watu wakazomea, nikashindwa kuongea." Akacheka, akaenda kugonga mlango wa bosi.

Nilikaa chini. Kumbe yule niliyemlinda hakutaka kulindwa. Kumbe swali la Shabani lilikuwa na jibu limekaa hatua tano mbele yake, na mimi ndiye niliyepiga filimbi katikati. Siku ile sikufanya kazi tena, niligonga mihuri tu.

Jumamosi yake nikafunga safari kwenda kwao. Bodaboda ilinishusha kwenye mikorosho, nikamalizia kwa miguu. Nilimkuta mama yake anamenya mihogo uani. Sikumwambia mimi ni nani, nilisema tu namtafuta Shabani. Akaniambia kaenda kisimani, karibu ukae. Akaingia ndani, akatoka na kikombe.

"Kunywa maji, mgeni. Jua kali."

Nilikishika kile kikombe kwa mikono miwili. Nilijua yametoka wapi na yamebebwa na nani. Kukataa maji ya mwenyeji ni tusi, kuyanywa nako niliona aibu. Nikayanywa yote.

Shabani akaja anasukuma baiskeli yenye madumu manne. Aliponiona alisimama kidogo, kisha akaja.

"Shikamoo refa."

"Marahaba, mwanangu."

Nilimweleza yote. Gideoni, fulana, saa niliyojifanya naiangalia, neno uchochezi, lile hapana la kwenye kamati. Nililia, sioni haya kusema. Mama yake alikuwa ameacha kumenya mihogo. Shabani alisikiliza mpaka mwisho, mkono uko kwenye dumu.

Akasema, "Mzee wangu, mimi nilishakusamehe, hata ningekuwa sijakusamehe mama hapa angenilazimisha. Lakini ulinitoa mbele ya watu wote. Msamaha unaniletea uani?"

Nikamsaidia kushusha madumu.

Niliandika barua kwa kamati, nikaeleza kila kitu. Wakajibu kwa mistari miwili kwamba msimu umefungwa na mafaili hayafunguliwi tena. Shabani adhabu yake imekwisha, ila ile timu ya Dar haikuita tena, na mpira wa miguu haungoji mtu. Anacheza kijijini. Wanasema mguu wa kushoto bado upo.

Nilitubu kanisani pia. Mchungaji aliniombea, akaniambia Mungu amesikia. Naamini amesikia. Lakini Mungu sikumpa kadi mimi. Filimbi nimeiweka kabatini, na jioni za Jumamosi sijui pa kukaa. Nimechoka, ndugu yangu, uchovu ambao usingizi hauutoi.

Ndiyo maana nimekuja kwako. Wewe mwenye filimbi, nisikie. Na si ya uwanjani tu, maana wapo wenye filimbi darasani, ofisini, kwenye vikao vya kanisa na vya msikiti. Ukiona sheria inakupa ujasiri kwa mtu mmoja, kwa mwingine inakutia usingizi, simama ujiulize unampenda nani na unamwogopa nani. Mtu akiuliza swali kwa adabu, usimzibe mdomo kwa niaba ya mkubwa ambaye hajalalamika. Na kabla hujaandika neno zito juu ya mtoto wa mwenzio, litamke kwanza na jina la mwanao. Kama linakukaba, lifute.

Jina langu nimeliandika hapa chini mara tatu, na mara tatu nimelifuta. Shabani aliandika swali lake kifuani kwa kalamu nene, akasimama nalo mbele ya turubai, jua linawaka, watu wote wanamwona.